Safari ya Nchi Takatifu: mambo ya kujua kabla kikundi chenu hakijatoa pesa

Simu iliingia studio tukiwa tunafunga kipindi cha jioni. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa kijijini, mjane, mwanakwaya wa miaka mingi. "Mwanangu, naomba niulize kabla hamjatoka hewani," alisema.

Kikundi chao kina watu 18. Huu ni mwaka wa tatu wanaweka akiba ili siku moja wafike Yerusalemu. Sasa amejitokeza mtu anayesema ana nafasi za safari kwa bei nafuu. Anataka kila mmoja amtumie shilingi 500,000 kwa simu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi zitachukuliwa na wengine. Mama huyu ana ng'ombe wawili, na mmoja ameshapata mnunuzi. Swali lake lilikuwa fupi: "Niuze au nisiuze?"

Hatukuwa na jibu la kumpa kwa dakika mbili. Tulimwomba asitume chochote kwanza, tukamwahidi kwamba tutaandika maelezo haya. Tunajua hayuko peke yake. Kila mwaka tunapokea ujumbe wa aina hii kutoka kwa wasikilizaji wa madhehebu mbalimbali. Basi tuanze mwanzo.

NCHI TAKATIFU NI WAPI HASA?

Wengi wetu tukisikia "Nchi Takatifu" tunafikiria nchi moja yenye mpaka mmoja. Sivyo ilivyo. Maeneo yanayotajwa katika Biblia leo yako katika nchi na mamlaka tofauti.

Nazareti, Kapernaumu na Ziwa la Galilaya viko Israel. Bethlehemu na Yeriko viko Ukingo wa Magharibi, upande wa Wapalestina. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 10 tu, lakini njiani kuna ukuta mrefu wa zege na kizuizi cha askari, na basi la mahujaji hupita hapo. Mlima Nebo, ambako Musa aliiona nchi ya ahadi kwa mbali, uko Jordan. Mlima Sinai uko Misri.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu tangazo likisema "Nchi Takatifu siku 8" halijakuambia ni nchi zipi. Safari ya Israel na Bethlehemu peke yake ina bei yake. Ukiongeza Misri au Jordan, mipaka inaongezeka, viza zinaongezeka na gharama inapanda. Swali la kwanza kwa wakala liwe hili: tunakwenda nchi zipi, na tutalala wapi kila usiku?

JE, MKRISTO ANALAZIMIKA KWENDA?

Ndugu zetu Waislamu wana Hija ya Makka, ambayo ni nguzo ya dini kwa mwenye uwezo. Kwa Wakristo hakuna amri ya namna hiyo. Wakatoliki hutumia neno hija, Waprotestanti wengi hupenda kusema ziara, lakini wote wanakubaliana kwamba wokovu wa mtu hautegemei kufika Yerusalemu. Hata katika Injili ya Yohana, sura ya 4, mwanamke Msamaria alipouliza ni mlima upi wa kuabudia, Yesu alimjibu kwamba ibada ya kweli haifungwi na mlima ule wala na Yerusalemu.

Hata hivyo, Wakristo wamesafiri kwenda huko tangu zamani sana. Helena, mama wa mfalme Konstantino wa Roma, alikwenda katika karne ya 4. Mwaka 333 msafiri mmoja kutoka Bordeaux, Ufaransa ya leo, aliandika vituo vyote alivyopita hadi Yerusalemu. Miaka kama hamsini baadaye mwanamke aitwaye Egeria naye aliandika barua ndefu akieleza ibada alizoziona huko.

Kwa hiyo hamu ya kwenda si jambo geni wala si aibu. Lakini mtu asikuambie kwamba usipokwenda imani yako ina upungufu. Anayesema hivyo huku ameshika kitabu cha risiti, mwangalie mara mbili.

MTAONA NINI?

Makundi mengi huanzia kaskazini, Galilaya, kisha hushuka Yerusalemu. Tueleze kwa kifupi.

Ziwa la Galilaya. Msikilizaji wa Kanda ya Ziwa akifika hapo huenda akashangaa udogo wake. Lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13 pale linapopanuka zaidi. Ziwa letu Victoria linalizidi kwa ukubwa mara mia kadhaa. Tena Victoria liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, wakati Galilaya liko chini ya usawa wa bahari kwa mita 200 na zaidi. Lakini maji yake ni baridi yasiyo na chumvi kama yetu, na wavuvi wapo. Samaki anayeuzwa kwa wageni kwa jina la samaki wa Mtakatifu Petro ni wa jamii ya perege, ndugu wa sato wetu.

Mwaka 1986, ziwa lilipokauka pembeni kwa sababu ya ukame, ndugu wawili wavuvi waliona mbao zikichomoza kwenye tope. Ulikuwa mtumbwi wa kale wenye urefu wa mita 8 hivi, wa enzi zinazokaribiana na za Yesu. Hakuna anayeweza kusema nani aliupanda, lakini unaonyesha wavuvi wa wakati ule walitumia chombo cha namna gani. Upo katika jumba la makumbusho kando ya ziwa.

Nazareti. Kuna kanisa kubwa la Kupashwa Habari Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1969. Ndani na uani kuna picha za Maria zilizotolewa na nchi nyingi, kila nchi ikimchora kwa sura na mavazi yake.

Mto Yordani. Hapa mahujaji hurudia ahadi zao za ubatizo, na wengine hubatizwa. Fahamu kwamba kuna zaidi ya sehemu moja. Yardenit iko kaskazini, karibu na ziwa, na ilitengenezwa kwa ajili ya wageni. Kusini, karibu na Yeriko, ndiko mapokeo ya kale yanakosema Yesu alibatizwa. Huko mto una kingo mbili: ukingo wa mashariki uko Jordan na unaitwa Al-Maghtas, ukingo wa magharibi unaitwa Qasr al-Yahud. Mto wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba mahujaji wa kingo hizo mbili wanaweza kupungiana mikono.

Bahari ya Chumvi. Iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, sehemu ya chini kuliko zote katika nchi kavu duniani. Chumvi yake ni karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, ndiyo maana mtu huelea bila kuogelea. Usiingize maji yake machoni, na ukiwa na kidonda utajuta.

Bethlehemu. Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu lilijengwa mara ya kwanza katika karne ya 4, na jengo lililopo sasa lilianza katika karne ya 6. Mlango wake ni mfupi, hivyo mtu mzima lazima ainame. Chini ya altare kuna pango, na sakafuni kuna nyota ya fedha yenye ncha 14 kuonyesha mahali panapoaminika alizaliwa Yesu.

Yerusalemu. Mtapanda Mlima wa Mizeituni, mtashuka Gethsemane, mtapita Njia ya Msalaba yenye vituo 14 katikati ya maduka ya mji wa kale. Wengi hutarajia njia tulivu. Ukweli ni kwamba utakuwa unasali huku muuza viungo anaita wateja na mkokoteni unaomba njia.

Mwisho ni Kanisa la Kaburi Takatifu. Madhehebu sita yana haki ndani yake: Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia. Watawa wa Ethiopia wanaishi kwenye vyumba vidogo juu ya dari la kanisa hilo, Waafrika wenzetu, tangu karne nyingi. Na ufunguo wa mlango mkuu unatunzwa na familia za Kiislamu, kazi inayorithishwa kutoka baba kwenda mtoto.

NI MAHALI PENYEWE KWELI?

Swali hili huulizwa sana, na jibu la haki ni kwamba inategemea mahali.

Sehemu nyingine zina ushahidi mzuri. Ziwa ni lile lile. Kapernaumu imechimbuliwa na nyumba zake za mawe meusi zinaonekana. Mlima wa Mizeituni haujahama.

Sehemu nyingine zinasimama juu ya mapokeo ya muda mrefu. Kanisa la Kaburi Takatifu limeheshimiwa tangu karne ya 4, na wataalamu wengi wanaona hoja zake ni nzito. Lakini Waprotestanti wengi hupelekwa pia kwenye Bustani ya Kaburi, nje ya ukuta wa mji wa kale, ambayo ilianza kupata umaarufu katika karne ya 19. Ni mahali patulivu pa kusalia, ingawa wachimbaji wa mambo ya kale wanasema kaburi lililopo hapo ni la zamani kuliko enzi za Yesu.

Hata mizeituni ya Gethsemane ina habari yake. Watafiti wa Italia walipima baadhi ya mashina mwaka 2012 wakakuta yana miaka kama 900. Ni mikongwe sana, lakini si ya siku zile.

Tunasema haya si kuvunja moyo wa mtu. Mahujaji wengi waliorudi wametuambia kwamba kilichowagusa si jiwe, bali kusoma habari ile ukiwa unaiona nchi yenyewe: mawe mengi, jua kali, umbali wa kutembea. Ila mtu akikuuzia kipande cha mti akisema ni cha msalaba wenyewe, tunza pesa yako.

USALAMA UKOJE?

Hapa hatuwezi kuficha. Tangu vita ilipoanza Oktoba 2023, makundi mengi ya mahujaji duniani yalifuta safari. Bethlehemu, mji ambao watu wake wengi huishi kwa kuhudumia wageni, uliingia hasara kubwa. Mwezi Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana, anga ilifungwa na wasafiri wengi wakakwama.

Hali hubadilika. Kundi likipanga leo kwa safari ya mwaka ujao, halijui mwaka ujao utakuwaje. Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Kwanza, sikilizeni maelekezo ya Wizara ya Mambo ya Nje. Tanzania ina ubalozi Tel Aviv tangu mwaka 2018, hivyo taarifa zipo. Pili, hakikisheni mkataba unasema wazi: safari ikiahirishwa kwa sababu ya vita, pesa inarudi kiasi gani na baada ya siku ngapi? Kama mkataba hausemi, msisaini.

NYARAKA ZINAZOTAKIWA

Pasipoti ndiyo ya kwanza. Maombi huanzia kwenye mtandao wa Uhamiaji na kumalizikia ofisi ya mkoa. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Utahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo wazee wengi hukwama kwa sababu hawakuwahi kuandikishwa, au majina kwenye karatasi moja yanatofautiana na mengine. Anza na hili mapema, hata kabla ya kutoa shilingi ya nauli. Ukipata pasipoti, safari ihesabiwe ili siku ya kusafiri iwe bado na zaidi ya miezi sita ya uhai.

Viza ni ya pili. Mtanzania anahitaji viza ya Israel kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa kundi, mara nyingi wakala ndiye huwasilisha maombi. Bethlehemu haihitaji viza nyingine. Lakini kama mtatoka kwenda Misri au Jordan kisha kurudi Israel, hakikisheni viza yenu inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Viza inaweza kukataliwa. Wapo watu waliotumia safari za namna hii kuzamia, yaani kutoroka kundi na kubaki kutafuta kazi, na wanaofuata nyuma ndio hupata shida. Ndiyo maana mtaulizwa barua ya kanisa, kazi unayofanya na familia uliyoiacha.

Chukueni pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana baadhi ya nchi mnazopitia zinaweza kuiuliza. Na uwanja wa ndege wa Tel Aviv mtaulizwa maswali mengi: nani alifunga mzigo wako, kuna mtu amekupa kitu umbebee? Jibu ukweli kwa utulivu. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kubeba kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akiwa amevaa msalaba.

PESA: NINI KIMO, NINI HAKIMO

Hatutaji bei hapa kwa sababu hubadilika kwa msimu, idadi ya watu na thamani ya dola. Badala yake ombeni karatasi yenye mgawanyo. Iandikwe nauli ya ndege, viza, hoteli, basi, chakula cha mara ngapi kwa siku, kiongozi wa watalii, viingilio na bima ya safari. Kisha ulizeni kisichokuwemo. Mara nyingi ni chakula cha mchana, bahashishi kwa dereva na kiongozi, kupanda mashua na nauli ya kutoka kijijini hadi uwanja wa ndege. Vitu hivi vidogo vikijumlishwa si vidogo.

Sasa dalili za tapeli. Wasikilizaji wametusimulia mengi, na mambo haya yanajirudia:

Moja, haraka. "Mwisho ni Ijumaa." Safari ya kundi hupangwa kwa miezi.

Mbili, pesa kutumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi badala ya akaunti ya benki yenye jina la kampuni.

Tatu, hana ofisi, au ofisi yake ni ya kukutana hotelini.

Nne, anataja jina la askofu au mchungaji mkubwa lakini hataki umpigie kiongozi huyo kuuliza.

Tano, bei iko chini sana kuliko za wengine wote.

Wakala halali anapaswa kuwa amesajiliwa BRELA na kuwa na leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Ombeni namba za usajili na leseni, mkazihakiki wenyewe. Ombeni pia majina ya makanisa aliyowahi kuyasafirisha, mpige simu kwa mahujaji waliokwenda. Mtu mkweli hachukii kuulizwa.

Na pesa za kikundi zikae benki, watia saini wasipungue watatu, na kila mwezi salio lisomwe mbele ya wanachama wote.

MWILI NAO UJIANDAE

Safari hii ni ya miguu. Mji wa kale wa Yerusalemu ni ngazi na mawe yanayoteleza. Vaeni viatu vya kufunga mlivyozoea, si vipya. Nguo zifunike mabega na magoti, la sivyo mtazuiwa milangoni. Desemba hadi Februari Yerusalemu kuna baridi na mvua, na mwaka mwingine huanguka theluji. Kuanzia Juni hadi Septemba jua ni kali. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aonane na daktari kwanza, abebe dawa za siku zote pamoja na za akiba, na azibebe kwenye mkoba wa mkononi.

ASIYEWEZA KWENDA

Tusisahau kwamba wengi hawatafika, na hilo si jambo jipya. Inasimuliwa kwamba mfalme Lalibela wa Ethiopia aliagiza makanisa yachongwe ndani ya mwamba ili yawe kama Yerusalemu kwa watu wake. Makanisa hayo 11 yapo hadi leo na hujaa mahujaji.

Karibu zaidi na sisi kuna Namugongo, Uganda, ambako kila tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana hukusanyika kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi kufika hapo. Na kuna Bagamoyo kwetu, ambako misheni ya Wakatoliki ilianzishwa mwaka 1868. Safari hizi hazihitaji viza ya Israel wala kuuza ng'ombe.

TUMEMJIBU NINI MAMA YETU?

Tulimpigia siku tatu baadaye. Hatukumwambia aende wala asiende, hilo ni lake na Mungu wake. Tulimwambia hivi: mama, ng'ombe akishauzwa harudi zizini, lakini Yerusalemu ipo na itakuwepo. Kwanza pata pasipoti. Kikundi kimwombe yule mtu leseni, akaunti ya kampuni na mkataba. Akivileta, mpelekeeni mchungaji na mtu anayejua sheria avisome. Ng'ombe auzwe mwisho kabisa, na asiwe ndiye unayemtegemea kwa maziwa na ada ya wajukuu.

Wiki iliyofuata alitutumia ujumbe. Walimwomba yule mtu leseni, akasema ataileta. Ijumaa ilipita, na ya pili ikapita. Hajaileta, na sasa simu yake inaita bila kupokelewa. Wanachama wawili walikuwa wameshatuma pesa, na wamekwenda kuripoti polisi. Wengine 16 akiba yao ipo benki.

Ng'ombe wake yupo zizini. Na wiki ijayo, alisema, anakwenda mjini kufuatilia cheti cha kuzaliwa, kwa sababu Yerusalemu bado anaitaka.